Kidole cha Kukhu

Kwenye meza yetu ya kubandika protekta za simu, glasi mpya ikiwekwa juu ya simu, hiyo simu ni ya kubandikwa. Hakuna kuulizana. Mimi au Walter, yeyote atakayekuta glasi imelala juu ya simu anamalizia kazi: anabandua protekta kuukuu, anapangusa kwa spiriti, anabandika mpya, anaita anayefuata. Tulipatana hivyo tangu tulipoanza kugawana meza, kwa sababu asubuhi na jioni mtaa wote wa Kware unamwagika kwenye njia hii moja, na hakuna nafasi ya hii ni ya nani, hii imefika wapi. Mteja haelezwi mambo hayo. Ya nini? Mteja anataka simu yake aende zake.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaniambia Walter ni mkatili. Walter si mkatili. Walter ana mikono ya haraka, basi.

Mwenye mdomo ni mimi. Ukiuliza Kezia wa protekta watakuonyesha, na watakwambia ujiandae, yule mama anafoka. Ni kweli nafoka. Wewe kaa hapa kutwa nzima na mtoto mdogo chini ya meza, uone kama utaongea kama malaika. Binti yangu Jacky hajafika umri wa nasari, kwa hivyo anakaa na mimi, chini ya meza, juu ya kreti la soda lenye gunia. Ni mtoto mzuri. Shida yangu na yeye ni moja tu, anapenda gundi. Ukichambua karatasi ya protekta, ukageuka kidogo, kidole kishafika. Na ule upande wa gundi ukiguswa mara moja tu umekwisha, alama haitoki, utasugua mpaka uchoke. Nimemfokea Jacky juu ya jambo hilo mpaka sasa akiona upande wa gundi anaficha mikono nyuma ya mgongo mwenyewe, bila kuambiwa. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilikuwa nawaambia watu, mwangalieni, ameshika adabu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika karibu na saa za chakula. Njia yote ilikuwa tope, na yale maghorofa yalivyobanana hapa, jua halifiki chini hata siku ya jua. Nilikuwa nimewasha taa ya betri juu ya meza. Watu wa juu walikuwa wameshaanza kutoa nguo zao tena na kuzianika kwenye vyuma vya veranda, na zilikuwa zinatudondokea. Walter alikuwa ameenda kula chapo madondo.

Mwanamume mmoja akaja, mwembamba, ovaroli imekunjwa chini ya kwapa. Nikajua mara moja huyu hakuchaguliwa getini leo. Vibarua wa viwanda vya Industrial Area wakikosa kuchaguliwa wanarudi kwa miguu, na unawatambua kwa mwendo. Akasimama mbele ya meza.

"Habari, baba. Tunaweka?"

"Hapana, dada. Nataka kusafishiwa."

Akaitoa simu mfukoni. Ilikuwa imefungwa kwa leso safi, mara mbili. Nikatarajia simu ya maana. Lo! Kasimu kakuukuu, kamebandikwa plastiki ile nyembamba ambayo wachuuzi wa kwenye mageti ya viwanda wanauza, ile hata mimi naona aibu kuiweka kwenye meza yangu. Imechanika kona ya chini, imejaa hewa, imekwaruzika mpaka huoni saa. Nikacheka, sitadanganya.

"Baba, hii haisafishwi. Hii inazikwa. Acha nikubandikie glasi usahau."

Ukucha wangu ulikuwa tayari kwenye ile kona. Mkono wa kazi unajiendea wenyewe. Yule mtu akanidaka kifundo cha mkono.

"Usibandue!"

"We! Hebu nishike hivyo tena uone!" Nilisimama. Jirani yangu Kanyiva, wa saluni ya upande wa pili, akachungulia na chanuo mkononi. Yule mtu akaniachilia upesi kama aliyeungua.

"Nisamehe, dada. Nisamehe sana. Usibandue tu, tafadhali."

Kama angenijibu kwa ukali ningemfukuza na hadithi ingeishia hapo. Lakini midomo ilikuwa inamtetemeka. Nikakaa. Nikamwambia aketi kwenye benchi, aniambie anataka nini hasa.

Jina lake Shitanda. Anakaa hapa hapa Kware, orofa ya juu kabisa ya jengo la jirani, na mkewe Triza. Akaichukua simu kwa ncha za vidole, akailaza upande chini ya taa yangu, akaigeuza polepole mpaka mwanga ukapita juu ya plastiki.

"Angalia hapo. Chini, karibu na kona."

Niliangalia nisione kitu. Akageuza tena kidogo. Nikaona. Alama ya kidole gumba. Kidogo, kama punje ya hindi, na mistari yake yote imetulia, ile mizunguko midogo midogo. Nikataka kukifuta kwa kitambaa ili nijue kiko juu au chini, kisha nikajizuia.

"Kiko ndani," akasema. "Upande wa gundi. Hakifutiki. Nimejaribu kwa juu, hakifutiki."

"Cha nani?"

"Cha mtoto wetu. Alipewa jina la mama yangu, Phelister, kwa hivyo nyumbani tulikuwa tunamwita Kukhu. Yaani nyanya, bibi." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafia palepale. "Plastiki niliinunua getini, nikaja kuibandika mwenyewe nyumbani, mezani. Nimeishika hivi, nimepima, nataka kuilaza, yeye akaja akaweka kidole. Nilimchapa mkono. Sikumchapa sana, dada, lakini nilimchapa. Nikamwambia ameharibu kitu cha watu. Alilia akaficha mikono nyuma. Mimi nikabandika tu hivyo hivyo, nimenuna, kila nikiangalia simu naona ile alama nakasirika. Mvua za Aprili zikaja, akashikwa na kifua. Tukampeleka hospitali, tukakaa naye, ikashindikana. Tumemzika nyumbani, Malava."

Mimi, Kezia! Nilisema tu, "Pole, baba," neno ambalo nasema hata mtu akidondosha kifuniko cha simu.

"Una picha zake?" nikauliza.

"Picha ziko nyingi. Lakini kwa picha hayuko. Hapo ndipo aligusa." Akapitisha kidole hewani juu ya ile alama bila kuifikia. "Triza kila jioni anachukua simu, anaweka chake hapo, anakaa hivyo. Mimi naenda kuosha vyombo. Sasa angalia hii kona."

Nikaelewa. Kona iliyochanika ilikuwa imeinuka, na vumbi la kiwandani lilikuwa linaingia chini ya plastiki, rangi ya kijivu, linatambaa kuelekea kidole. Lilikuwa limebakisha upana wa njiti ya kiberiti.

"Triza ndiye amenituma," akasema. "Ameniambia kikipotea hicho hana kitu kingine. Ameniambia nisikubali kibanduliwe, nisimame hapo hapo niangalie. Nimeenda kwa fundi mwingine kule barabarani amenicheka. Nikasema nijaribu huku."

Na mimi pia nilikuwa nimemcheka. Chini ya meza Jacky alikuwa anamwimbia mdoli wake wa kitambaa, na sauti yake ilinipanda kichwani, nikatamani anyamaze na pia asinyamaze.

"Sikiliza, Baba Phelister," nikamwambia. "Tutafanya hivi. Haitabanduka. Nitatoa vumbi la kona kwa stika ya kunasia vumbi, pole pole, nisifike pale kwenye kidole. Halafu nitaziba ukingo wote kwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ikikauka hakuna vumbi litapita. Hata maji hayatapita. Itakaa."

"Itakaa?"

"Itakaa kuliko mimi na wewe."

Akainamisha kichwa, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nikajifanya natafuta stika. Nilifanya ile kazi kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia mtu yeyote Kware. Nilibonyeza stika kwenye kona, nikainua, nikabonyeza, nikainua, na kila mara inatoka na ukungu wa kijivu. Nikaishia unywele mmoja kabla ya kidole. Kukhu alikuwa salama. Nikailaza simu mezani, uso juu, nikamwambia, "Usiiguse. Nakuja, nachukua rangi kwa Kanyiva."

Ni hatua chache tu, ni kuvuka njia. Kanyiva naye alikuwa na maneno, kwani yule alikuwa anakushikia nini, kwani ni nani yako, na rangi yenyewe iko chini ya machanuo yote. Nilikuwa nimempa mgongo mlango. Yaliyotokea mezani wakati huo Shitanda alinieleza baadaye.

Nguo za juu zilikuwa zinadondosha maji. Tone moja likaanguka mezani, karibu na simu. La pili likaanguka karibu zaidi. Shitanda akaogopa maji yasiingie kwenye ile kona ambayo nilikuwa sijaiziba. Akaangalia huku na huku, akaona rundo la glasi zangu mpya, akachukua moja, akailaza taratibu juu ya simu ili kuikinga. Nani angefanya vingine? Baba yeyote angefanya hivyo.

Kisha Jacky akachomoza kichwa kutoka chini ya meza. Shitanda akamwona. Alikuwa hajui kwamba kuna mtoto pale. Akainama kumwuliza jina lake.

Nilipogeuka na rangi mkononi, Walter alikuwa amerudi. Amesimama mezani, kijiti mdomoni, anaangalia kitu kimoja tu: glasi juu ya simu.

"Walter!" nikapiga kelele. "Walter!"

Akainua mkono bila kunitazama, kwa maana ya kwamba ameona, asiharakishwe, anafanya. Ukucha ukaingia. Ile sauti ya plastiki kubanduka naijua, naisikia kutwa, na siku hiyo niliisikia mpaka ng'ambo ya njia. Mkono mmoja ukaviringisha plastiki kwa dole gumba mpaka ikawa kama punje, ukairusha kwenye debe. Mkono mwingine ulikuwa umeshapitisha spiriti. Glasi ikalala, ikanyonya, ikatulia bila hata povu moja. Ilikuwa kazi safi kabisa. Nilikuwa sijafika hata katikati ya tope.

"Haya buda," Walter akasema, akimnyooshea Shitanda simu. "Imerudi mpya."

Shitanda alinyanyuka kutoka kwa Jacky, tabasamu bado liko usoni. Akaangalia simu. Akaigeuza upande chini ya taa, kama alivyokuwa amenionyesha mimi. Akaigeuza tena. Na tena.

"Iko wapi?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

"Nini?"

"Ile plastiki. Iko wapi?"

Nililipindua debe mezani. Protekta za siku nzima zikamwagika, za glasi zilizovunjika na za plastiki zilizoviringishwa, na kila moja Walter ameiviringisha vilevile. Tulifungua moja moja. Walter bado anauliza kuna nini, mbona nimekuwa hivyo, mimi nikamfokea, "Fungua tu! Fungua!" akaanza kufungua. Zote zilikuwa na alama za vidole. Vilikuwa vidole vya watu wazima, vya mafuta, vya unga, vya watu ambao hawatakuja kuviulizia kamwe.

Shitanda ndiye aliyeipata. Aliijua kwa ile kona iliyochanika. Akaanza kuikunjua, na gundi ilikuwa imeshikana yenyewe kwa yenyewe, inaachana kwa shida, inatoa utando mweupe. Akaitandaza juu ya leso yake. Mimi ndiye niliyeleta taa karibu, na afadhali nisingeileta. Pale chini, karibu na kona, palikuwa na kidole gumba kikubwa, kizuri, mistari yote inaonekana. Kilikuwa cha Walter. Chini yake hapakuwa na kitu.

"Haki ya Mungu sikujua," Walter akasema, baada ya mimi kumwambia kwa maneno machache. Alikaa kwenye tope, hakutafuta hata kreti. "Mzee, glasi ilikuwa juu ya simu. Kwetu glasi ikiwa juu ya simu tunabandika. Kezia mwambie. Glasi ilikuwa juu."

"Nyamaza, Walter."

"Lakini ilikuwa juu!"

"Niliiweka mimi," Shitanda akasema. "Maji yalikuwa yanadondoka. Nilikuwa namkinga."

Hakusema nilikuwa naikinga. Alisema namkinga. Yawa! Nilitamani angepiga kelele. Angepindua meza, angemshika Walter koo, hayo nayaweza, nimezoea, ningejua la kufanya. Lakini alikaa tu kwenye benchi, simu kwenye goti moja na ile plastiki kwenye goti la pili.

Simu ikaita. Kwenye ile glasi mpya jina lilisomeka vizuri kabisa, Triza. Akaitazama ikiita. Nilidhani ataiacha ikate. Akapokea. Watu wa viwandani mashine zimewala masikio, simu zao sauti iko juu siku zote, kwa hivyo sote tulimsikia.

"Baba Kukhu, umepata fundi?"

"Nimepata."

"Amesafisha?"

"Amesafisha."

"Kidole kipo?"

Walter alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Shitanda alifumba macho.

"Kipo," akasema.

"Ashukuriwe Mungu," Triza akasema, na tukamsikia akilia, kilio cha mtu ambaye amepumua. "Nilikuwa siwezi hata kupika. Njoo basi. Njoo nikione."

Alipokata, Shitanda hakuirudisha simu kwenye leso. Alikuwa anamtazama Jacky, ambaye alikuwa ametoka kabisa chini ya meza na kusimama karibu na goti langu. Alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi.

"Mama Jacky," akasema, "una zile za plastiki? Kama ile?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza, nikapandwa na hasira kweli kweli. Nikamvuta Jacky nyuma yangu. Huyu ni mtoto wangu, yuko hai, sitaki kidole chake kikae mahali pa mtoto aliyezikwa. Kwetu jambo kama hilo hata halitamkwi. Na huyo mwanamke atalala na kidole cha mtoto wa mtu mwingine, kila jioni, mpaka lini? Hayo yote nilimwambia, kwa sauti, na Kanyiva alisikia.

"Ni kweli," Shitanda akasema. "Ni vibaya. Najua." Akaanza kukunja leso. "Basi acha niende nikamwambie."

Akasimama, akatazama juu, kule kwenye orofa ya mwisho, hakupiga hatua. Na mimi bado nilikuwa namsikia Triza masikioni, njoo nikione.

"Kaa chini," nikamwambia.

Nilibandua ile glasi mpya ya Walter. Nikatafuta chini kabisa ya sanduku, nikapata kipande cha plastiki ya bei ya chini, nikakikata kwa kukipima juu ya ile ya zamani, hata ile kona nikaichana kwa ukucha ifanane. Nikapangusa kioo. Nikachambua karatasi, nikakishika kile kipande kwa kingo, gundi juu, nikachuchumaa.

"Jacky, njoo. Weka kidole hapa. Hiki kikubwa."

Akaona upande wa gundi. Mikono ikaenda nyuma ya mgongo palepale. Akatingisha kichwa, machozi yakaanza kujaa, akanitazama kama mtu aliyewekewa mtego.

"Mama atagomba," akasema.

Shitanda akapiga magoti kwenye tope, mbele ya mtoto wangu, akawa sawa naye kwa urefu.

"Gusa, mama," akamwambia. "Gusa tu. Hujaharibu kitu. Hakuna mtu atakuchapa."

Jacky alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa mkono mmoja, taratibu, akaweka kidole gumba pale nilipomwonyesha, akakitoa haraka. Shitanda akakipokea kile kipande, akakibandika mwenyewe, akitoa hewa kwa ukingo wa leso kutoka katikati kwenda pembeni. Karibu na ile kona ya chini hakupitisha leso. Nikaziba ukingo wote kwa rangi ya Kanyiva, tukaingoja ikauke, akaifunga mara mbili, akashika njia ya ngazi bila kuaga.

Nilipoinama kukusanya zile plastiki za debe, nilimkuta Jacky amesharudi kwenye kreti lake. Mikono ilikuwa nyuma ya mgongo, yote miwili, na alikuwa ananiangalia usoni, anangoja nifoke.